Minazi 14 ya dada: haki iliyokatwa kwa upanga wa haya

Mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya marehemu baba kututoka, tuliketi barazani kwetu watu watano: kakangu mkubwa, mimi, wazee wawili wa mtaani waliokuja kuwa mashahidi, na karani aliyeleta karatasi zilizopigwa taipu kwa Kiingereza. Dada yetu hakuketi nasi. Yeye alikuwa upande wa ndani, nyuma ya pazia, pamoja na mama, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu. Zamu yake ilipofika alisogea hata mlangoni, uso kaufunika kwa ncha ya leso, akanyosha mkono kutaka kalamu. Karani hakutoa kalamu. Alitoa kisanduku cha wino wa kupigia dole gumba, akanipa mimi nimpelekee.

Dada yangu anajua kuandika. Chuoni tulisoma pamoja, na hati yake ya Kiarabu ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mwalimu akimpa yeye kuandikia wenzake mbao. Lakini siku ile aliutazama ule wino, akanitazama mimi, akatia dole, akapiga. Hakuna aliyemsomea karatasi ile. Mzee mmoja alisema, "Mashaallah, hii ndiyo heshima ya mtoto wa kike," kahawa ikaletwa, na mambo yakesha.

Karatasi ile ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake, amewaachia nduguze fungu lake lote katika shamba la baba.

Ndugu msomaji, sikuandika makala haya ili nimseme kakangu, wala nipate sifa ya kujisema mwenyewe. Nimeandika kwa kuwa nimekuja kujua kwamba baraza kama lile limeketiwa katika nyumba nyingi za pwani hii, na wengi wa walioketi ni watu wa sala tano. Nami nataka tuulizane: imekuwaje jambo alilolikata Mwenyezi Mungu mwenyewe kwa hesabu, likashindwa na kitu kiitwacho aibu?

HESABU YA MINAZI 80

Shamba la baba lilikuwa na minazi 80. Sisi watu wa pwani twajua kwamba shamba huhesabiwa kwa miti yake, na kila miezi mitatu mkwezi hupanda akaangua, na nazi huuzwa au hukaushwa zikawa mbata. Hesabu ya mirathi ni hii, wala haihitaji mwanachuoni mkubwa. Baba ameacha mke, wana wa kiume wawili na binti mmoja. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, basi minazi 10. Hubaki 70. Mwana wa kiume hupata mafungu mawili na binti hupata moja, basi 70 hugawanywa mara tano, kila fungu 14. Kaka 28, mimi 28, dada 14. Jumla yarudi 80.

Mama tulimpa zake 10, kwani nani athubutu kumnyima mama? Zilizobaki 70 tukagawana mimi na kaka, 35 kwa 35. Kwa maneno mengine, kila mmoja wetu alichukua minazi 7 isiyokuwa yake.

Watu hupenda kuuliza kwa nini mwanamume apewe mara mbili. Jawabu waliloturithisha masheikh wetu ni kwamba mwanamume ndiye mwenye kubeba gharama: yeye hutoa mahari, yeye hulisha mke na watoto, na dada akiachika au akifiwa hurudi kwa nduguye. Vyema. Lakini tazama maana yake. Ikiwa ile ziada tumepewa kwa sababu ya mzigo, basi anayechukua ziada na kisha akachukua na lile fungu moja la dada, amelipwa mara tatu kwa mzigo mmoja. Na mara nyingi hata huo mzigo wenyewe hakuubeba. Dada yangu alipoachwa na mumewe akiwa na watoto wanne, alipika vitumbua na kuviuza alfajiri. Siwezi kusema kwamba mimi ndimi niliyemlisha.

KUTAWISHWA

Ili nieleze dole lile lilitoka wapi, sina budi nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1980 dada alivunja ungo. Alikuwa darasa la sita. Wiki ile ile akatolewa skuli, na muda si muda akatolewa na chuoni pia, na mlango ukafungwa. Neno letu la jambo hilo ni kutawishwa, na mwenye kutawa alikuwa mtu wa kusifiwa. Mimi, mdogo wake, niliendelea. Nilikhitimu, nikasoma, nikaja kuwa mtu wa kalamu.

Wakati ule hakuna aliyeona kwamba amedhulumiwa, na huenda hata yeye hakuona. Lakini fikiri: katika miaka ile mimi nilikuwa nikienda shamba na baba. Nilijua mpaka wetu waishia kwenye mwembe gani, nilimjua mkwezi kwa jina, nilijua mnazi uzaao na uliokwisha kuzeeka, nilijua bei ya mbata. Dada hakuwahi kuliona shamba lile baada ya utoto wake. Siku ya kugawana alipaswa kudai kitu asichojua kiko wapi, ni kingapi, wala chatoa nini. Huo ndio utendaji kazi wa utawa katika mambo ya mali. Tulidhani twaufungia mwili, kumbe twaifungia hesabu.

Tena wazee wetu wa zamani walikuwa na jambo moja ambalo sisi tumelitupa. Nenda Lamu ukazitazame zile nyumba za mawe, mji ambao mwaka 2001 uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Utaona daka la kuketishia wageni wa kiume, na utaona vyumba vikifuatana hata ufike ndani kabisa, kwa wanawake. Utaona na wikio, lile daraja la juu liungalo nyumba na nyumba, mwanamke akipita kwenda kwa mamake au kwa ndugu yake bila kukanyaga njia. Hapo utasema, kweli walifungwa. Lakini uliza nyumba ilikuwa ya nani. Katika jamaa zenye uwezo ilikuwa desturi baba kumjengea binti nyumba au kumpa sehemu ya nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Na hati za Mombasa za mwanzoni mwa karne ya 20 zaonyesha wanawake wakinunua, wakiuza na kuweka rehani nyumba na mashamba kwa majina yao wenyewe.

Basi wazee wale walimfunga mwanamke kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili walimpa ukuta wa kuegemea. Sisi tulichukua kufunga, ukuta tukauacha.

WINO WA MWANA KUPONA

Kila tuzungumzapo habari za mwanamke wa pwani, hatukosi kumtaja Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wake aliutunga mwaka 1858, miaka miwili hivi kabla ya kufa kwake, akiwa mgonjwa na mjane, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyeyasumbua majeshi ya Sayyid Said wa Unguja katika miaka ya 1840. Utendi una beti 102, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kwa matini na tafsiri.

Wanaume tumeupenda sana utendi huu, nasi twajua sababu. Humo mama amwambia bintiye amridhishe mumewe, asimchoshe kwa maneno, amwandae, amkande, asitoke bila ruhusa, na kwamba radhi ya mume itamfaa siku ya kiyama. Kwenye harusi na kwenye mawaidha beti hizo ndizo zinazochaguliwa. Vijana wa siku hizi nao, wakizisikia hizo tu, husema bibi huyu alikuwa wakili wa wanaume.

Mimi naona pande zote mbili hazikusoma mpaka mwisho, wala hazikusoma mwanzo. Mwanzoni bibi amwita bintiye amkaribie na wino na karatasi. Basi yule binti wa Siyu, zaidi ya miaka 160 iliyopita, alikuwa akiandika! Yeye aliletewa wino wa kalamu. Dada yangu, mwaka 1997, aliletewa wino wa dole. Kati yao ni nani aliyeendelea mbele?

Tena bibi asema binti amlee mumewe kama alelewavyo mtoto ambaye hajajua kunena. Hapa wasomaji wengine wamesita, wakajiuliza: huyu aliyefananishwa na mtoto mchanga, asiyeweza kusema haja yake mpaka atazamwe usoni, ndiye bwana au ndiye mlelewa? Siusemi utendi kuwa kinyume cha maneno yake. Wasia wa utiifu umo, na ulitoka kwa mtu aliyeuamini. Lakini ulitungwa na mwanamke mwenye elimu, mjuzi wa siasa ya nyumba, akimfundisha mwanawe jinsi ya kuishi katika dunia ambayo hakuipanga yeye. Sehemu kubwa ya utendi ni dua, akimwomba Mungu moja kwa moja, bila kupitia kwa mume wala ndugu. Sisi tulichota ule utiifu tukautia katika kanda na kaseti, na ile elimu tukaiacha kitabuni.

SHIRAA, BUIBUI NA ULE UUNGWANA

Mambo ya heshima hubadilika sura, na anayedhani yamekuwa hivi tangu Adamu hajawauliza bibi zake. Lamu ya zamani mwanamke wa kiungwana alipotoka alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema dogo, kilichochukuliwa na watumwa huku yeye yumo katikati haonekani. Neno lenyewe kwa Kiarabu maana yake ni tanga la chombo. Tazama basi: kujisitiri kwa bibi mmoja kulihitaji wanawake wengine wasiositirika. Mjakazi aliyeshika shiraa alikwenda wazi. Yeye hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake, na alikuwa Mwislamu vile vile.

Ikiwa kusitiri kulikuwa amri ya dini tu, mbona Mwislamu mmoja alizuiwa? Kwa hakika kilichokuwa kikilindwa na kitambaa kile hakikuwa dini peke yake. Kilikuwa ni daraja, kumpambanua mwungwana na mtumwa.

Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, shiraa ilianza kukosa wachukuzi. Buibui likaenea, na walioliingilia kwa furaha ni pamoja na wale waliokuwa watumwa na watoto wao. Kwao lile vazi jeusi, ambalo wengine leo huliona kifungo, lilikuwa hati ya uhuru iliyoshonwa: mimi nami ni mtu wa kuheshimiwa. Nimeona nilitaje hili kwa kuwa kuna wanaodhani mambo ya wanawake ni mepesi, kwamba ukimvua mwanamke vazi umemkomboa, au ukimvika umemwokoa. Dada yangu amevaa buibui maisha yake yote, lile la kamba kwanza, na sasa haya ya mikono yaliyotoka Arabuni. Hakuna hata moja kati yao lililomnyang'anya minazi. Aliyemnyang'anya ni nduguye mwenye kanzu nyeupe.

NYIMBO NA MASIKIO YA MTAA

Wala tusiseme kwamba kamba hii ya aibu ilisokotwa na wanaume peke yao. Mombasa ya bibi zetu ilikuwa na vyama vya lelemama, kama Kingi na Skochi, na baadaye Banu Saada na Ibinaal Watan. Vilikuwa na vyeo, na michango, na mashindano ya kupika na kuvaa ambayo yalipoteza mali nyingi. Katika vyama vile mwanamke alikuwa kiongozi, akishauri na kuamua, jambo ambalo halikupatikana barazani kwa waume zao. Misiba na harusi vilisimamiwa na wanachama.

Lakini ngoma ile ile ilikuwa na nyimbo za mafumbo. Mwanamke aliyekwenda kinyume na mila alitungiwa wimbo, ukaimbwa mbele ya watu, na ingawa jina halikutajwa kila mtu alijua asemwaye. Mwanamume hakuhitaji kutoka kwenda kumlinda mkewe, wimbo ulimlindia. Hapo ndipo utawala wa wanaume unapokuwa na nguvu kabisa: unapokuwa hauhitaji mwanamume.

Wenye kutaka kuyasikia maisha hayo kwa vinywa vya wenyewe, wakitafute kitabu kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1989, chenye maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Humo yumo Bi Kaje wa Mwenye Matano, wa jamaa ya kiungwana, na yumo Mishi wa Abdala, mwana wa waliokuwa watumwa. Watu wa mji mmoja, lakini wa madaraja mbalimbali.

Lelemama imekufa, na katika miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa waliunda vyama vya namna nyingine, vya elimu na maendeleo. Hata kabla ya hapo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika magazeti yake ya mwanzo wa miaka ya 1930, As-Sahifa na Al-Islah, alikwisha kuwahimiza Waislamu wa pwani wasome, na wasichana pia. Lakini wimbo haukufa. Umegeuka kuwa neno la jirani. Mamangu, Mungu amzidishie umri, siku ile ya karatasi alimnong'oneza dada maneno ambayo nimekuja kuyajua juzi tu: "Mwanangu, usiuze nduguzo kwa nazi." Mama hakuwa na ubaya. Alikuwa akimpa bintiye akiba aliyoijua yeye. Mwanamke asiye na shamba wala kazi, ndugu ndio benki yake, na nani agombane na benki yake?

MBELE YA KADHI

Kuna atakayesema: mbona mahakama ya kadhi ipo? Ipo, nasi Waislamu tumeitetea kwa nguvu. Serikali ilipoleta Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, tulilalamika kwamba yaingilia mirathi yetu aliyoigawa Mungu, na mwaka 1990 sheria hiyo ikarekebishwa ili mirathi ya Waislamu ifuate sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 170, imeziweka mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko.

Jambo hili lanitia haya. Tulipaza sauti kuilinda sheria ya mirathi isiguswe na serikali, kisha tukarudi nyumbani tukaivunja wenyewe, barazani, kwa kahawa na tende.

Na wanawake wanaofika kwa kadhi hawarudi mikono mitupu. Susan Hirsch, Mmarekani aliyefanya uchunguzi katika mahakama za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 na kutoa kitabu mwaka 1998, alikuta kwamba wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na kwamba mara nyingi wao ndio wanaoshinda. Lakini alikuta pia bei wanayoilipa. Mwanamke hutakiwa asubiri na afunike siri ya nyumba. Na ili apate haki kwa kadhi hana budi aseme, na akisema ameitoa siri nje. Basi haki ameipata, na jina lake limechafuka. Wengi hupima, wakaona jina ni ghali kuliko nazi.

UPANGA WA HAYA

Twende sasa kwenye dini, maana ndiyo tunayoisingizia. Sad bin Rabii alikufa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Akaacha mke na mabinti wawili. Nduguye akaja akachukua mali yote, kama ilivyokuwa ada ya Waarabu. Yule mjane hakukaa nyuma ya pazia akapiga dole. Alikwenda kwa Mtume, sala na salamu zimshukie, na mabinti zake mkononi, akashitaki. Aya za mirathi za Suratun Nisaa zikateremka, na Mtume akamwamuru yule ami: wape mabinti thuluthi mbili, mpe mama yao thumuni, kinachobaki ndicho chako. Kwa hivyo hesabu yetu ya mirathi, ambayo twajivunia nayo mbele ya dini nyingine, mlango wake uligongwa na mwanamke aliyetoka nyumbani kwenda kudai.

Watu husema, "Lakini dada alinyamaza, kunyamaza ni kuridhia." Kweli, katika kuozwa, kimya cha mwanamwali huhesabiwa idhini, kwa sababu ya haya zake. Lakini kanuni ya asili ya Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo pwani, ni kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema neno. La mwanamwali limetolewa katika kanuni hiyo kwa dalili yake. Sisi tukalichukua lile la pekee tukalifanya la wote, tukaingia nalo mpaka shambani.

Na liko zito zaidi. Wanachuoni wa madhehebu yetu wana msemo kuhusu mali inayochukuliwa kwa upanga wa haya, yaani mtu atoe kwa kuona aibu ya macho ya watu, na moyo wake hauko radhi. Wameihesabu mali hiyo haramu, kama iliyoporwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona jambo hili kwa jicho kali: kwake kumchapa mtu mgongo kwa fimbo na kumchapa moyo kwa haya ni hali moja.

Niliyasoma maneno hayo nikiwa kijana, nikayahifadhi, nikayatolea darasa. Sikuyaona barazani kwetu.

SABA ZILIZO MKONONI MWANGU

Mwezi wa Rajabu uliopita nilimwendea kakangu. Nilimsalimu, nikambusu mkono, nikamweleza hesabu hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, mambo yaliyokwisha waonaje kuyafukua? Wataka watu waseme baba aliacha wezi?" Sikuwa na jawabu ila kwamba baba hakuacha wezi, tuligeuka baada yake. Hatukuagana vizuri, na mpaka leo twasalimiana kwa njia ya watoto.

Basi sikuweza kurudisha 14. Niliweza kurudisha 7, zile zilizokuwa mkononi mwangu, pamoja na ahadi ya kulipa nazi za miaka iliyopita kadiri nitakavyojaaliwa. Nilimchukua dada mpaka shamba, asubuhi. Tangu utoto wake hakuwahi kufika. Alitembea mti kwa mti, akaugusa kila mmoja, akihesabu kwa sauti. Mwishoni nikamwomba anisamehe, nikamwambia siku ile nilidhani ametuachia kwa moyo safi.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi sikuwaachia. Niliona haya."

Sasa yuko katika kufikiri kama aende kwa kadhi kwa zile 7 zilizobaki. Mama hataki. Watoto wake wa kike wataka. Mimi nimemwambia kwamba akienda nitakwenda naye, na nitasema niliyoyaona mlangoni siku ile, ingawa nitamsema nduguyangu wa tumbo moja. Sijui atakata shauri gani. Najua tu kwamba safari hii shauri ni lake, na karatasi ikiletwa ataisoma, na kalamu atapewa.

Nawe msomaji uliye na shamba la marehemu mkononi, au nyumba, au duka, kabla ya kulala usiku wa leo fanya hesabu. Si ngumu. Kisha muulize dada yako, si mbele ya wazee wala mbele ya mama, muulize mkiwa wawili, na umwambie kiasi chake ni nini kabla hujamuuliza kama amekuachia. Mimi nafunga kwa ubeti mmoja, kwani kalamu yangu haikuzoea kuondoka bila kuaga:

Bubu si mwenye kuridhi, kimya chake ni aibu,
Fungu lake ni faradhi, Mola amelihisabu,
Asingoje kwenda kadhi, ndugu mpe taratibu,
Haki hailipwi radhi, hulipwa kama wajibu.